Mdogo wangu, njoo Krismasi mikono mitupu

Mdogo wangu,

Mbukwa! Natumaini huko Dar hujambo na joto halijakumaliza. Naandika hapa mbele za watu kwa makusudi, maana najua si wewe peke yako uliyepiga simu nyumbani wiki hii kusema "kazi zimebana, mwaka huu sitaweza kuja". Kazi hazijabana. Kilichobana ni hela, na unaona aibu kushuka nyumbani Mvumi bila mfuko wa mchele begani na kreti la soda. Mama ameiamini ile habari ya kazi. Mimi sijaiamini, na kilichonitisha ni yale maneno uliyomalizia, kwamba labda ukope kidogo ili uje kama watu.

Usikope. Mengine yote nitakayoandika unaweza kuyapuuza, ila hilo nakuomba kama dada yako.

Kibanda changu cha viungo pale Majengo unakijua, kipo kwenye njia wanayopita wale vijana wa marejesho. Mikopo ya kausha damu naiona kila wiki bila kiingilio. Mtu anachukua laki moja kabla ya sikukuu, anatakiwa arudishe laki na thelathini ndani ya mwezi. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, kwa hiyo hapo umelipa zaidi ya mara nane ya kinachoruhusiwa. Desemba vijana wale ni wapole, wanakuita mama, wanakuulizia hali ya watoto. Januari wanakuja na guta. Jirani yangu muuza nyanya walimbebea friji na sabufa mchana kweupe, na watoto wake walikuwa hata sare za shule hawajapata.

Na zile za kwenye simu usiniambie ni nafuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Tabia yao unaijua: ukichelewa kidogo wanaingia kwenye namba zako zote, meseji inamfikia bosi, inamfikia mkwe, inamfikia mchungaji. Kama unaogopa aibu ya kuja mikono mitupu, hiyo nyingine utaiweza?

Halafu nadhani ukikaa sana Dar unasahau kwamba Desemba ya huku si ya kula tu. Ni mwezi wa kupanda. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, unaanza Desemba, na ikifika Aprili umekwisha. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa pwani. Ukikosa huu, umekosa mwaka. Kwa hiyo hela inayoikuta Krismasi mkononi mwa mtu wa wilaya yetu ya Chamwino ndiyo hiyo hiyo ya mbegu ya alizeti, ya trekta, na ya vibarua wa palizi. Ukimwona mtu amechinja mbuzi wawili tarehe 25, usimhusudu haraka. Msubiri Februari.

Sisi tumejipanga hivi. Kikoba chetu tulikivunja mwanzoni mwa mwezi, na fungu langu nililigawa kabla halijalala: mbegu, viatu vya watoto, nyama. Kwa mpangilio huo huo. Viatu nimenunua vyeusi vya kamba, vimezidi saizi kidogo, mbele tunajaza pamba. Ni vya Krismasi na ndivyo vya shule. Ada shule za serikali hakuna tangu 2016 mpaka kidato cha nne, lakini sare na madaftari hakuna aliyetufutia. Mpwa wako wa kike amenuna, alitaka vile vinavyowaka taa ukikanyaga. Wacha anune. Asubuhi ya sikukuu akikuta wenzake nusu ya kanisa wamevaa vyeusi kama vyake, atanyamaza.

Mchele hatununui Desemba, bei zake unazijua. Nilichukua mpunga Bahi wakati wa mavuno, ukakaa nyumbani kwenye gunia, juzi ndiyo tumekoboa. Faida yake si bei tu: mchele uliotulia haushikani, pilau inatoka punje punje.

Nyama tunachanga, kaya za pale mtaani kwa mama, ng'ombe mmoja. Alinunuliwa mnadani mwezi wa kumi na moja, kabla wauzaji hawajaanza kuringa, na anachungwa na ng'ombe wa baba mdogo. Tutamchinja tarehe 24. Ukiwahi utashuhudia mgao, ambao mimi naupenda kuliko hata kula kwenyewe. Wanatandika majani ya mgomba juu ya turubai, wanapanga mafungu mstari mmoja, na kila fungu lina mfupa wake, steki yake, kidogo cha utumbo, na kipande cha ini kisichozidi vidole viwili. Wazee wanazunguka mara mbili, wanachomoa hapa wanaongeza pale, hakuna anayesema kitu. Anayegawa anachukua fungu la mwisho. Kasheria hako kamezuia ugomvi mwingi kuliko vikao vyote vya ukoo wetu.

Viungo niachie mimi, ila kwa wengine wanaosoma hapa nitoe siri ya biashara, ingawa najiharibia. Tarehe 23 na 24 watu wanapigana vikumbo kwenye vipakiti vya pilau masala. Viacheni. Nunueni binzari nyembamba nzima, pilipili manga, mdalasini wa kipande, karafuu chache sana. Kaangeni kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mpaka jirani aulize mnapika nini, kisha mtwange na chumvi kidogo ili visiruke kinuni. Mtatumia kidogo na harufu itabaki mpaka jioni. Nyama ikiwa haba, viazi vikatwe vikubwa, vikaangwe na vitunguu kwanza mpaka vishike rangi. Mgeni akifika na njaa hahesabu minofu. Iliki ndiyo ghali, hiyo wekeni mbili tatu na msiseme kwa mtu.

Soda tumefuta. Tunaloweka ubuyu, mbegu tunazipekecha kwa mkono mpaka ziachie unga wote, tunachuja, sukari, basi. Mkoa umejaa mibuyu na sisi tunahangaika na makreti! Baba mdogo anadai Krismasi bila soda haijafika, kwa hiyo yeye atanunuliwa yake moja, anywe akitazamwa.

Hata kanisani wamebana. Kwaya ilitaka sare mpya, wakajadiliana, wakaamua kuvaa zile za Pasaka.

Sasa wewe. Treni ya SGR ilipoanza kuja Dodoma 2024, daraja la kawaida kutoka Dar liliwekwa shilingi 31,000. Hiyo ni chini ya lile kreti la soda na mfuko wa mchele ulivyokuwa unavililia. Kata tiketi leo, siti za wiki ya sikukuu zinaisha mapema, na ukizikosa utaangukia kwa wapiga debe Mbezi, ambao Desemba nauli wanaisoma usoni kwako. Ukifika Dodoma usichukue bodaboda hadi Mvumi kwa kujionyesha, panda gari za abiria kama kila mtu.

Jirani wa mama atakuuliza umetuletea nini kutoka Dar. Anamuuliza kila mtu, hata mchungaji mgeni alimuuliza. Mwambie nimejileta mwenyewe, kisha umsalimie watoto wake, maana wa kwake wa Mwanza huu ni mwaka wa tatu hajatokea na yule mama akiongea sana ujue ndilo linalomuuma.

Mama kitenge hataki, anavyo kabati zima. Anachotaka ni mtu wa kupanda juu ya bati, pale juu ya jiko panapovuja. Fundi ameomba hela ambayo mimi nimekataa kuitoa wakati nina kaka mwenye miguu. Misumari ninayo, lami ninayo, ngazi tutaazima shuleni. Ifanye kazi hiyo tarehe 23, kabla mvua haijakolea.

Na ubebe nguo za shamba. Ikinyesha usiku wa Krismasi, tarehe 26 alfajiri tunaamkia alizeti, serikali imetoa mapumziko au haikutoa. Jembe lako lipo, mpini nimebadilisha. Kama kuna hela yoyote itabaki baada ya tiketi, pita Kariakoo uniletee iliki robo kilo ya jumla, nitakulipa. Na lile begi langu uliloazima Pasaka nalitaka.

Dada yako,
Majengo, Dodoma