Karl Peters wa Kilimanjaro mmemficha wapi?

Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lako nikanyamaza, hata mlipoandika kwamba Same iko Tanga. Ila makala ile ya Jumapili kuhusu Karl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, imenishinda.

Mmetueleza kazaliwa 1856, kasomea historia hadi udaktari, kaja Zanzibar 1884, kavuka bara kukusanya mikataba ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Halafu kalamu ikaruka hadi kifo chake 1918. Hapo katikati alikuwa amelala?

Alikuwa huku kwetu Kilimanjaro, mhariri, kamishna wa Kaizari. Mwaka 1891 alimnyonga mtumishi wake Mabruk. Jagodia, msichana aliyemweka kimada, alitoroka. Akarudishwa, akachapwa viboko, naye akatundikwa mwanzoni mwa 1892. Ndiyo maana Peters akaitwa Mkono wa Damu. Hata Wajerumani yaliwashinda kumeza: mbunge wao August Bebel aliyamwaga bungeni Berlin 1896, na mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi. Kufukuzwa tu! Akajikalia London, Kaizari baadaye akamrudishia cheo, na 1937 Hitler akamsafisha kabisa ingawa alishakufa, maana imani yao ilikuwa moja, kwamba mzungu kazaliwa kutawala.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili aliulizwa Peters alifanya nini. Akaandika mikataba, akaongeza Jagodia. Mwalimu akamkata Jagodia kwa wino mwekundu, pembeni akaandika "haihusiki". Nikaenda shuleni. Nikaambiwa, mzee, mtihani wa taifa hauulizi hayo.

Na hili la Mangungo wa Msovero, chifu wa Usagara aliyetiliana mkataba na Peters, nalo limenichosha. Mwanasiasa akitaka kuponda mkataba wa madini au bandari, humtaja Mangungo, utadhani yeye ndiye aliyeiba. Karatasi ilikuwa ya Kijerumani! Tapeli tunamwita Dakta, aliyetapeliwa ndiye tumemgeuza tusi.

Berlin walibadilisha jina la barabara yao ya Petersallee mwaka 2024, kipande kimoja sasa ni cha Maji Maji. Ninyi hamna barabara, mna ukurasa wa saba. Jumapili ijayo chapeni palepale, kwa herufi kubwa zilezile, majina mawili: Mabruk na Jagodia. Picha ya Peters, kama mnaipenda sana, iwekeni chini kabisa, saizi ya matangazo ya waganga wa kienyeji.

Msomaji wenu,
Kiboriloni, Moshi