Jina la kituo cha michezo lianzie getini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo halmashauri za majiji huliacha mpaka dakika ya mwisho: majina ya vituo vya umma vya michezo na burudani.

Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ndogo ya wakazi iliyofuatilia ujenzi wa kituo kimoja cha aina hiyo. Rangi ya vigae vya bwawa la kuogelea ilituchukua vikao viwili. Jina tuliletewa likiwa limeshachapwa, kikao cha mwisho, watu wameshasimama wanatafuta funguo zao. Kibao kilikuwa kimeshaagizwa kwa fundi. Mama mmoja aliyefundisha watoto mpira wa kikapu pale tangu uwanja ukiwa vumbi tupu akauliza, "Huyu ni nani?" Akajibiwa kwamba ni mtu aliyesaidia sana. Alisaidia nini, hatukuambiwa. Mama aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mkobani, akaondoka bila kuaga.

Kibao kile kipo mpaka leo na watoto hawakisomi. Wao husema "twende Bondeni", kwa kuwa kituo kiko bondeni, na hata mlinzi akipokea simu husema "Bondeni hapa".

Si ajabu. Uwanja mkubwa wa Rio de Janeiro, Brazili, kwenye karatasi umepewa jina la Mário Filho, mwandishi wa habari aliyepigania ujengwe, lakini dunia nzima inaujua kwa jina la Maracanã, ambalo ni la mto na mtaa wa pale pale. Mwaka 2021 wabunge wa jimbo walipiga kura uitwe kwa jina la Pelé. Hata kwa Pelé, ambaye hakuna Mbrazili asiyejua alichoifanyia nchi yake, malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba gavana alikataa kuidhinisha. Watu walikuwa na jina lao tayari.

Ndiyo maana nasema jina lianze kutafutwa getini, kwa wanaoingia na kutoka. Kabla halmashauri haijafungua faili, aende mtu pale asubuhi na jioni, akae na daftari, aulize wazazi wanaosubiri watoto, wazee wanaokuja kunyoosha viungo, wafanya usafi, makocha: hapa mnapaitaje? Nani alipapigania? Kuna jambo gani lililotokea hapa ambalo hamtaki lisahaulike? Majibu mengi yatafanana, na pale yanapofanana ndipo jina lilipo.

Wapo wanaodhani kura ya mtandaoni inatosha. Haitoshi. Mwaka 2016 Uingereza iliwaalika wananchi wapendekeze jina la meli mpya ya utafiti, na lililoongoza kwa mbali lilikuwa Boaty McBoatface, jina la mzaha. Serikali ikaamua meli iitwe kwa jina la Sir David Attenborough, mtangazaji maarufu wa vipindi vya wanyama na mazingira, na lile la mzaha likapewa chombo kidogo cha chini ya maji. Silaumu waliopiga kura. Waliulizwa watu wasiokuwa na safari yoyote ndani ya meli ile, wakajibu kama watu wasiokuwa na safari.

Sasa nije kwenye kuuza majina, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi. Hoja ya fedha naielewa: bwawa linataka maji, dawa, umeme na mishahara ya waokoaji, na tozo ya kiingilio ikipanda wa kwanza kukosekana ni mtoto asiye na kitu. Lakini tazameni Houston, Marekani. Uwanja wa besiboli ulifunguliwa mwaka 2000 kwa jina la kampuni ya Enron, kwa mkataba wa miaka 30 wa dola milioni 100. Desemba 2001 kampuni ikafilisika, na timu ikalazimika kulipa zaidi ya dola milioni 2 ili ijinasue na jina hilo. Baadaye ukawa Minute Maid Park, na tangu mwaka 2025 ni Daikin Park. Miami nako, ukumbi unaomilikiwa na serikali ya kaunti ulipewa mwaka 2021 jina la FTX, soko la sarafu za kidijitali, kwa mkataba wa miaka 19. Novemba 2022 FTX ikafilisika, na majina yakaanza kung'olewa ukutani.

Viwanja hivyo vina mawakili na matajiri wa kuvibeba. Kituo cha mtaani hakina. Mdhamini anayetaka shukrani apewe ubao wa ndani, jezi za timu za watoto, hata ukuta mzima wa chumba cha mazoezi. Geti liachwe.

Jina la mtu aliye hai nalo lina mtego wake, hasa akiwa na madaraka. Februari 2021, uwanja mkubwa wa kriketi wa Ahmedabad, India, uliokuwa na jina la Sardar Patel, mmoja wa waasisi wa taifa hilo aliyefariki mwaka 1950, ulipewa jina la Waziri Mkuu Narendra Modi akiwa bado ofisini. Anayempenda alifurahi na asiyempenda alikasirika, na wote wawili walikuwa wakizungumza siasa, si kriketi. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu majina ya mahali ulishapendekeza mwaka 2002 kwamba majina ya watu walio hai yaepukwe, na kila nchi iweke muda wa kusubiri baada ya mtu kufariki. Walikuwa wakizungumzia milima, mito na miji, lakini sioni kwa nini busara hiyo isifae kwenye mabwawa na kumbi zetu.

Nakiri kuna jina moja linaloitikisa kanuni yangu. Kituo cha taifa cha tenisi jijini New York, kilicho ndani ya bustani ya umma, kilipewa jina la Billie Jean King mwaka 2006, naye yu hai. Ila mwanamke huyu alijifunza tenisi kwenye viwanja vya umma vya Long Beach, California, na akapigania wanawake walipwe sawa na wanaume. Mtoto akiuliza "huyu ni nani?", jibu lipo na linamhusu.

Na kuna Melbourne. Desemba 1967 Waziri Mkuu wa Australia, Harold Holt, aliingia baharini kuogelea akapotea, na mwili wake haukupatikana kamwe. Bwawa lililokuwa likijengwa kwenye jimbo lake la uchaguzi likapewa jina lake. Walio mbali huona ni jina lisilofaa kabisa kwa bwawa. Mimi nimelifikiria sana na naliheshimu: alikuwa mbunge wa watu wale, alipenda maji, nao walitaka kumkumbuka kwa kile alichokipenda. Halikushuka kutoka mbali.

Liko pia jambo la usalama ambalo sijawahi kulisikia kikaoni. Mtoto akizidiwa na maji, anayepiga simu kuomba gari la wagonjwa ametaharuki. Kituo kikiwa na jina moja kibaoni na jingine midomoni, au vituo viwili vya jiji moja vikiwa na majina yanayokaribiana, dereva atauliza mara mbili, na dakika hizo hazirudi.

Naziomba halmashauri ziandike utaratibu kabla ya kuchimba msingi: nani anapendekeza, anaeleza sababu kwa maandishi ya ukurasa mmoja, wakazi wanapewa siku ngapi kusema, na jina linaweza kuondolewa kwa sababu zipi. Utaratibu ubandikwe pale pale kwenye uzio wa ujenzi. Mwenye swali kama la yule mama ajibiwe mbele ya watu, na fundi wa kibao aitwe baada ya jibu hilo.

Wako,
Msomaji na mzazi