Rangi ya injini ya garimoshi si urembo mtupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mtu mzima anayekusanya injini ndogo za mfano za garimoshi anatupa pesa kwa vitu vya watoto, na kwamba ukishaiona moja umeziona zote, kwa kuwa zinatofautiana rangi tu. Nimezikusanya kwa miaka kumi na tisa, karibu zote zikiwa za dizeli za Marekani, na hiyo rangi anayoidharau ndiyo iliyonivuta kuanza na ndiyo inayonishikilia hadi leo.

Ya kwanza kuipata ilikuwa injini ya dizeli ya aina ya F7 ya kampuni ya reli ya Santa Fe ya Marekani, ya kipimo cha HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87, hivyo kwamba injini yenye urefu wa zaidi ya mita 15 haifiki hata shibiri moja. Pua yake ni nyekundu. Wekundu huo unaizunguka sehemu ya dereva na kurudi nyuma ubavuni kwa mkunjo laini, umepakana na ufito mwembamba wa manjano na mweusi, na mwili uliobaki ni wa rangi ya fedha. Watu wa reli huiita Warbonnet, yaani kilemba cha manyoya ya tai walichovaa wapiganaji wa jamii za wenyeji wa Marekani, na ukiitazama injini kwa ubavu unaona kweli kichwa kinachokwenda mbio na manyoya yakipeperuka nyuma yake.

Aliyeibuni ni Leland Knickerbocker, msanii wa General Motors, kampuni iliyounda injini hizo, mwaka 1937, kwa ajili ya Super Chief, garimoshi la abiria lililokwenda kati ya Chicago na Los Angeles. Rangi ya fedha haikuchaguliwa kwa kubahatisha, kwani mabehewa ya garimoshi hilo yalikuwa ya chuma kisichoshika kutu, nayo injini ilipaswa kulingana nayo ili msafara mzima, kuanzia puani hadi mkiani, uonekane kitu kimoja. Injini za mizigo za kampuni hiyohiyo zilipakwa buluu na manjano. Kwa hiyo mtu aliyesimama kando ya reli jangwani aliweza kujua kutoka mbali kama kinachokuja ni abiria au shehena, kabla hajaona behewa hata moja.

Baadaye rangi zikaanza kusimulia mambo mengine. Mwaka 1971 Amtrak, shirika la taifa la reli za abiria la Marekani, lilipochukua huduma za abiria, Santa Fe haikuwa tena na abiria wa kuwatangazia fahari yake, na injini zake zilizokuwa zikivuta abiria zikavishwa buluu na manjano kwa mchoro uleule wa kilemba. Wekundu ulirudi mwaka 1989, kampuni ikiongozwa na Michael Haverty, safari hii kwenye injini za magarimoshi ya mizigo ya haraka. Ninazo zote tatu, nimezipanga mstari mmoja, na mgeni asiyejua lolote kuhusu reli huniuliza mwenyewe kwa nini ile ya katikati imepoteza wekundu wake. Hapo ndipo maongezi huanza.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo wengi huiona ina kasoro. Katika miaka ya 1980 Santa Fe na kampuni nyingine ya reli, Southern Pacific, zilikusudia kuungana, na kwa kuwa zilikuwa na hakika kwamba serikali ingekubali, zikaanza kupaka mamia ya injini rangi nyekundu na manjano, paa likiwa jeusi. Ubavuni mwa injini za Santa Fe ziliandikwa herufi SF, na mwa zile za Southern Pacific SP, kila moja ikiachiwa nafasi tupu ya kuandikwa herufi mbili za mwenzake siku ya ndoa. Mwezi Julai 1986 tume ya serikali iliyosimamia biashara ya usafiri ikaukataa muungano huo. Herufi zilizosubiriwa hazikuandikwa. Nikiishika modeli yangu chini ya taa na kuipitishia kioo cha kukuzia, naiona nafasi ile tupu, pana kiasi cha ukucha wa kidole gumba, nayo inanieleza habari ya kampuni zile mbili waziwazi kuliko ambavyo ningeweza kuipata katika kurasa nyingi za hesabu zao. Muundaji wa modeli hiyo angeijaza nafasi ile ili ipendeze, angekuwa ameifuta historia.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana niliwahi kuuziwa injini ya Santa Fe ambayo wekundu wake ulielekea rangi ya chungwa. Niliikwangua pua na kuipaka upya kwa brashi ya nywele chache, tabaka tatu nyembamba, nikisubiri kila moja ikauke kwa siku nzima.

Msomaji mwenzangu huenda akasema hayo ni ya Wamarekani. Basi na afike Jumba la Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, aitazame Mount Gelai, injini ya mvuke ya aina ya Garratt, namba 5918, iliyoundwa Manchester, Uingereza, na rangi yake ya damu ya mzee. Wamarekani wengi waliziacha injini zao za mvuke nyeusi kwa sababu ya masizi na mafuta, na rangi angavu zikaja na dizeli. Reli ya Afrika Mashariki haikungoja dizeli.

Sasa nimeanza kuunda kwa mikono yangu injini ya dizeli ya English Electric, kampuni ya Uingereza, ya zile zilizoletwa huku kuanzia mwaka 1960 na baadaye kuitwa daraja la 87. Reli yetu ya mita moja, kwa kipimo changu, inakuwa karibu milimita 12, na fremu tayari imesimama juu ya magurudumu. Naomba kupitia kwako, Mhariri, kwamba yeyote aliyefanya kazi ya fundi rangi katika karakana za reli kabla ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 aandike katika safu hii jinsi rangi zilivyochanganywa, tabaka ngapi zilipakwa, na mistari ilipimwaje ili inyooke kutoka mwanzo hadi mwisho wa ubavu. Kopo langu la rangi bado sijalifungua.

Msomaji wako,
Mkusanyaji wa modeli,
Nairobi