Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: uboho wa wagonjwa wetu nao usomwe

Daktari, shikamoo.

Mwaka juzi mdogo wangu alianza kukonda. Usiku jasho linalowesha shuka, tumbo upande wa kushoto limejaa na kuwa gumu. Sisi wa Tanga bandama ikivimba tunasema malaria, na zahanati nayo ikasema malaria. Dozi juu ya dozi, miezi minne. Tulipomfikisha Dar es Salaam, kipimo kilionyesha chembe nyeupe zimefurika kwenye damu. Akalazwa ubavu, sindano nene ikaingizwa kwenye mfupa wa nyonga. Nilimshika mkono nikaona uboho ukivutwa, mwekundu, una vipunje kama vya mafuta. Alipiga yowe. Sikuwa nimemsikia akilia tangu utotoni.

Tulielezwa kwamba ni saratani ya damu: ndani ya chembe zake, vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) namba 9 na 22 vimebadilishana nafasi, na hapo ikazaliwa protini inayouamuru uboho uzalishe chembe bila kukoma. Kromosomu hiyo iliyoharibika, ile ya 22, iligunduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1960. Dawa ya kuizima protini yenyewe, imatinib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Leo mdogo wangu anameza kidonge kila siku, na karudi kazini.

Kijana wa kitanda cha jirani naye alikuwa na saratani ya damu, ila ya aina nyingine, isiyo na protini ile. Kidonge kile kisingemfaa. Alifariki kabla hatujaondoka.

Ndiyo maana naomba hivi: mgonjwa wa mkoa huu akitolewa damu au uboho kwa matibabu, aulizwe kama yu radhi kiasi kidogo kihifadhiwe, protini zake zichunguzwe. Protini huharibika upesi kwenye joto, na joto letu unalijua. Linatakiwa jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, na jenereta ya uhakika. Tanga si wageni wa kazi hii. Damu za malaria zimesomwa hapa na kwenye kituo cha utafiti cha Amani kwa miongo mingi, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo mjini. Kaa nao, Daktari. Damu na uboho visomwe pamoja, maana protini za damu zikionekana kusema yaleyale ya uboho, wengine wataepushwa na ile sindano.

Na majibu yamrudie mgonjwa, kwa Kiswahili.

Dada wa mgonjwa,
Ngamiani, Tanga