Risala ya Vijana wa Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Ukumbi wa Tononoka, Mombasa

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwakilishi wa Wadi yetu, wazee wetu, mama zetu mliovumilia jua hili, vijana wenzetu: Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mheshimiwa, wako waliotuapia kwamba ukisikia risala ni ya ufisadi utapata udhuru. Umekuja, na tunakushukuru kwa dhati.

Kikundi chetu kilizaliwa na mtaro. Kila masika maji machafu huingia majumbani, mama wakapandisha magodoro juu ya meza. Mkandarasi alikuja, akachimba, akajenga ukuta wa upande mmoja, akatoweka. Bango lake nalo liling'olewa usiku. Sisi tukabaki barazani na kahawa yetu, tukilaani serikali mpaka birika likauke. Hapo ndipo mzee mmoja alipotuuliza: "Karatasi za kazi hiyo mmeziona?" Hakuna aliyejibu.

Tukaenda kusoma. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu: unaandika barua, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisa ana siku 21 za kukujibu. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa mwenyewe. Wala sababu zako za kutaka habari hazikupunguzii haki hiyo. Ukinyimwa, unakata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali.

Nasi tukaandika barua kuomba karatasi za mtaro, tukaipeleka ofisini. Dirishani karani alituuliza tumetumwa na nani. Tukamwambia tumetumwa na mtaro. Hakucheka. Alisema wakubwa hawapo, turudi kesho. Tukakaa pale pale kwenye benchi mpaka nakala yetu ikagongwa muhuri. Majibu yalipokuja, mtaro wetu ulikuwa umekamilika, kuta mbili na vifuniko vya zege. Umekamilika kwenye karatasi, Mheshimiwa. Tuliambatanisha picha, tukaandikisha malalamiko kunakohusika, na tunayafuatilia.

Kuna watakaosema hizo ni karatasi tu. Tunaomba wamkumbuke marehemu David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya. Mapema miaka ya 1990 aliona mamilioni yakilipwa kampuni ya Goldenberg kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, ilhali nchi yetu haina almasi ya kuuza. Alitoa zile hati zikawafikia wabunge wa upinzani. Malipo yake ni kukamatwa, kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali na kufutwa kazi. Alikimbilia hapa hapa Mombasa, akaishi nasi na akaoa kwetu. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimtunuku kwa uadilifu wake. Mwaka 2006 alifariki, mkononi hana kitu.

Kisa chake kinatuuma, lakini ndicho kinachotupa matumaini. Karatasi za fedha za umma, ambazo zamani karani alizitoa kwa kujiangamiza, leo kijana wa mtaa wa Majengo anaruhusiwa na sheria kuziomba kwa barua ya ukurasa mmoja. Haki hii haikuletwa na meli Kilindini. Kuna watu waliilipia.

Nasi vijana hatujasafika. Wakati wa kampeni tunapanga foleni ya fulana na noti ya mia mbili, halafu miaka mitano tunauliza pesa zetu ziko wapi. Wewe unatujua, Mheshimiwa, ulituona kwenye foleni hiyo. (Hatusemi ni nani aliyekuwa akigawa.)

Basi maombi yetu. Kila kazi ya wadi inapoanza, bandika msikitini, kanisani na sokoni jina la mkandarasi, bei na tarehe ya kumaliza, kwa Kiswahili. Orodha ya waliopata basari nayo isomwe hadharani. Mkitaka maoni ya wananchi kuhusu bajeti, tangazo litufikie mapema na mkutano uwe alasiri. Asubuhi wengi wetu tuko bandarini na kwenye matuktuk.

Tunaomba pia utuambie leo, kabla hujaketi, ni siku gani utakuja tuutembee ule mtaro pamoja. Katibu wetu ana kalamu, ataandika tarehe.

Wabillahi taufiq. Ahsante.