Wazee wa Mombasa tupewe chumba, fulana zinatosha

Bwana Mhariri,

Wazee tukitajwa gazetini, mara nyingi ni habari ya pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali. Zile shilingi 2,000 za mwezi zina kazi yake na sizidharau. Nina majirani wanaozingoja kama mvua ya vuli. Leo lakini naomba nafasi niseme juu ya kitu kingine, ambacho pengine kingegharimu chini ya fulana na mabango tunayopewa kila Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani. Twataka chumba. Kiwe cha chini, kisicho na ngazi, chenye viti vya kuegemea na choo karibu, na mlango wake ufunguliwe saa nne asubuhi siku moja kwa wiki, tukae humo tusomeshane.

Nilifanya kazi bandari ya Kilindini miaka 31, karani wa kuhesabu shehena. Wiki ya kwanza ya kustaafu ni tamu. Ya pili unaanza kumsahihisha mkeo namna anavyopanga vikombe. Ya tatu nilihamia barzani, na nadhani ni yeye aliyenihamisha. Barza yetu iko Kibokoni, ya mawe, ukutani kwa jirani, na muuza kahawa hupita na dele lake baada ya Alasiri. Kila mtu wa Mji wa Kale aijua barza ya namna hii. Huu ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji, mji uliozoea mtu kutoa shairi na mwingine kumjibu. Lakini tuseme kweli: barza nyingi siku hizi zimebaki na mada tatu, nani kafa, nani kauza nyumba, na nani atakuwa gavana. Mwenye sauti kubwa ndiye mwenye hoja.

Mambo yalibadilika kwa ajili ya upepo. Alasiri moja ya Novemba, nahodha mstaafu aliyeendesha majahazi enzi Bandari ya Kale ilipokuwa imejaa milingoti, aliinua uso akasema kaskazi yaja. Mwalimu wa jografia, naye mstaafu, akamwambia bado, kitabu kinasema Disemba. Nahodha akacheka, akaanza kuhesabu kwa vidole. Hakuhesabu Novemba wala Disemba. Alihesabu miongo, makumi ya siku, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa mabaharia. Akatueleza kwamba mabaharia hawangeweza kufuata mwaka wa Kiislamu kwa safari, kwa sababu mwaka huo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na upepo haurudi nao. Ndiyo maana wakawa na mwaka wa jua wa kwao. Akaeleza jahazi la Uarabuni lilivyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, tanga mbili, kile kipindi cha kati ya pepo hizo, ni wakati gani, na kwa nini aliyekawia hapa mpaka kusi ikakaza Juni alikuwa amejifungia mwenyewe.

Mwalimu alinyamaza. Alikuwa amesomesha pepo za msimu maisha yake yote ya kazi, hatua chache kutoka kwa mtu aliyezijua kwa ngozi, na hawajawahi kuulizana. Kesho yake alikuja barzani na daftari.

Ndipo tukaweka Alhamisi. Kila wiki mmoja atoe mada anayoijua kwa kazi yake au kwa maisha yake, nusu saa kwa saa ya ukutani, kisha maswali. Siasa za uchaguzi marufuku. Maswali ya fatwa tunayapeleka kwa wenyewe, maana kati yetu wamo Waislamu, Wakristo na Mhindi mmoja mtengeneza saa, na kila mmoja ana kwake pa kuulizia.

Kasoro ilionekana wiki ya pili: nusu ya akili za mtaa zilikuwa ndani ya nyumba. Barza ya nje ni ya wanaume, hilo halina ubishi, na mama mtu mzima hatakuja kuketi mdomoni mwa kichochoro pikipiki zikimpitia magotini. Basi tukatafuta ukumbi. Kwenye ukumbi mmoja wa umma tulitajiwa bei ya saa, ile ile wanayotoza watu wa harusi. Mahali pengine tuliambiwa tulete cheti cha usajili, mwenyekiti, mweka hazina na kumbukumbu za mikutano mitatu, ilhali tulikuwa watu tisa na daftari moja. Mwishowe madrasa moja ikatupa darasa asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Twashukuru sana. Ila yale mabenchi yalitengenezewa watoto wa miaka saba, na kuinuka ni kazi ya watu wawili.

Akina mama walipoingia, tukajua tulikuwa tumekosa nini. Nesi mstaafu alizungumzia presha. Hakuleta mambo makubwa, alimgeukia mzee mmoja akamuuliza, "Ami, na wewe dawa yako wainywa vipi?" Mzee akajibu anakunywa siku moja na kuruka siku moja, ili ifike mwisho wa mwezi. Mikono mingine mitano ikainuka: na sisi vilevile. Kule kliniki wazee hawa walikuwa hawajamwambia mtu, kwa haya. Pale walisema kwa sababu mwenzao alitangulia kusema.

Yupo pia bibi mmoja aliyetutia adabu sote. Wakati wa kampeni ya kisomo ya 1979, aliyepita nyumba kwa nyumba kuandikisha watu alimweka kwenye orodha ya wasiojua kusoma. Bibi huyu husoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu utoto, ana tenzi alizonakili kwa mkono wake, na barua za marehemu mumewe kutoka Lamu alizisoma na kuzijibu mwenyewe. Kwa vile hakujua a, e, i, o, u za shule, akaandikwa ngumbaru. Siku alipotuletea madaftari yake, mwalimu wetu wa jografia ndiye aliyekuwa ngumbaru, akifuata mstari kwa kidole kutoka kulia.

Nalitaja hili kwa sababu kila nikizungumza na wakubwa kuhusu elimu ya wazee, mawazo yao hukimbilia huko huko, kisomo cha ngumbaru. Au watanitajia marehemu mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84 na kujulikana duniani kote. Mungu amrehemu, alitufundisha ujasiri, na asiyejua kusoma ana haki ya kufundishwa hata akiwa na miaka 100. Lakini mstaafu aliyekwisha kusoma naye ana njaa yake, na hiyo haishibishwi kwa kurudishwa darasa la kwanza.

Binti wa mwenzetu mmoja aishiye Leicester alitupigia simu kutueleza kwamba Uingereza wazee wana kitu kama hiki, wakiita Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Kilianzia Ufaransa mwaka 1973, mjini Toulouse, Profesa Pierre Vellas alipowafungulia wastaafu milango ya chuo kikuu wakasikilize wahadhiri. Waingereza walipokichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Cambridge, mwanahistoria Peter Laslett na wenzake wakageuza mtindo: wazee wafundishane wenyewe, pasiwe na mtihani wala cheti. Nahodha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kahawa wauziwa na nani?"

Sisemi kila kitu huenda sawa. Alhamisi tuliyozungumzia Mwambao, ule ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Unguja, na makubaliano ya 1963 yaliyouunganisha na Kenya, nusura tuvunje chama. Kuna wanaokumbuka kwa macho yao bendera nyekundu ya Sultani ikipepea Fort Jesus, na kila mmoja aikumbuka kwa moyo wake. Mmoja alitoka akabamiza mlango. Alirudi baada ya wiki mbili na hati za shamba la babake, akasema, "Mimi sikuja kugombana, nimekuja na karatasi." Tuliposoma zile karatasi kwa pamoja, nilijifunza mambo ya ardhi ya pwani ambayo miaka 31 ya bandari haikunipa. Mgomo wa wafanyakazi wa Januari 1947 pia tuliupigia gumzo wiki tatu mfululizo, kwa kuwa baba za wenzetu wawili walikuwemo, na wajukuu wao hawajawahi kulisikia jina la Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanyakazi wale.

Kuna mzee ambaye kwa miezi tulidhani ni mpole. Hasemi, hukubali kwa kichwa tu. Tulipohama kutoka barzani na kuingia chumba kisicho na kelele, akaanza kuuliza maswali makali kuliko sote. Kumbe alikuwa hasikii. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la matibabu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau, na kukadiria kwamba yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Humo mna presha, mna kutosikia, mna kutengwa na watu. Sidai kwamba gumzo la Alhamisi ni dawa. Najua tu kwamba mzee wetu huyu nyumbani kwake walishaanza kusema akili yake imeondoka.

Sasa niseme na wahusika. Ibara ya 57 ya Katiba yetu ya 2010 inataka serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na wanaendelea kujikuza, na Katiba hiyo hiyo inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Maktaba na shughuli za utamaduni zimo kwenye orodha ya kazi za kaunti. Kumbi za umma tulizozipitia asubuhi za katikati ya wiki zilikuwa tupu, mlinzi amelala kwenye kivuli. Harusi ni jioni na wikendi. Sisi saa mbili zetu tumeshazimaliza kabla ya Adhuhuri. Tunachoomba ni agizo la maandishi kwamba kikundi chochote cha wazee, cha Kibokoni, Majengo, Likoni au Changamwe, kiingie bila malipo na bila kudaiwa cheti, majina yetu na sahihi zetu zitoshe. Nasisitiza Likoni na Changamwe, maana Mji wa Kale tuna mazoea ya kudhani Mombasa inaishia Makadara, na mzee wa Likoni hawezi kupanda feri kila wiki kuja kusikiliza habari za upepo.

Posho hatutaki, mgeni rasmi hatutaki. Kama kuna pesa ya chai, inunue viti.

Alhamisi ijayo ni zamu yangu. Nitaeleza jinsi magunia ya kahawa yalivyopakiwa melini kwa mabega ya makuli kabla ya makontena, na jinsi karani alivyohesabu bila kupoteza gunia. Mke wangu, ambaye siku hizi huketi benchi la mbele, amekwisha kunionya kuwa saa ya ukutani ataishika yeye.

Karani mstaafu wa bandari,
Kibokoni, Mombasa