Barua kwa mwanangu: Wimbo wa saba uache ulivyo

Mwanangu mpenzi,

Albamu yako nimeisikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilisikiliza kimama tu: kila ulipovuta pumzi nikawa najiuliza kama siku hizo ulikuwa unalala vya kutosha. Mara ya pili nikachukua karatasi, nikayaandika maneno yako ubeti kwa ubeti, maana nilitaka kuyasoma bila sauti yako kunibeba. Nilipofika wimbo wa saba nikaweka kalamu chini.

Uliniandikia, "Mama, kama kuna kitu humu kinakuumiza, niambie nikitoe." Siku tatu sasa nayawaza maneno hayo. Mwanangu, usitoe kitu.

Wimbo huo ni wa mwaka ule ambao mimi na baba yako tulikuwa tukizungumza kupitia kwako. Mwambie baba yako simu yake inaita. Mwambie mama yako nitachelewa. Nilijisifu moyoni kwamba hatugombani mbele ya mtoto, nikaona ukimya wetu ni pazia, na wewe uko salama upande wa pili. Kumbe ulikuwa umekaa nasi upande huu huu. Unaimba kwamba ulijifunza kuijua hasira kwa namna mtu anavyoweka kikombe mezani. Ulikuwa na miaka 12. Kikombe hicho nakikumbuka, na mkono uliokuwa ukikiweka ulikuwa wangu.

Wimbo umeniuma, sikufichi. Ungekuwa umenisingizia, ningekuambia. Ungekuwa umeandika ili watu wanihukumu, ningekuomba uufikirie tena. Lakini ubeti wa tatu unajigeukia mwenyewe: unakiri kwamba ujumbe wetu ulikuwa huufikishi wote, unayapunguza makali njiani, neno hili unaliacha, lile unalilainisha, ili usiku upite. Hapo ndipo nilipolia. Miaka yote nimekuwa nikisema kipaji chako umekirithi kwa bibi yako aliyekuwa akiimba kutwa nzima. Pengine utunzi wako ulianzia pale koridoni, kati ya vyumba viwili, ukichagua maneno.

Jambo moja nikuambie, la kwako peke yako. Unaimba kwamba usiku baba yako alipotoka na sanduku, mama alikuwa amelala. Sikulala. Nilikuwa nimekaa sakafuni nyuma ya mlango wangu, nimejiziba mdomo kwa mto ili usinisikie. Mstari huo usiubadilishe. Aliyeuimba ni mtoto aliyekuwa upande wako wa mlango, na yeye aliamini mama amelala. Mimi nimetaka tu ujue kwamba usiku ule hukuwa macho peke yako.

Wimbo wa nne, nisamehe, sikuupenda. Moyo upo, nyota zipo, mvua ipo, lakini wewe sikukuona. Katika nyimbo nyingine zote kuna kitu ninachoweza kukigusa: kikombe, viatu vya shule vilivyokubana hukusema, kioo ulichokigeuzia ukutani ulipofika miaka 14. Huu wa nne nauona umetungwa kumridhisha mtu aliyekuambia albamu inahitaji wimbo wa kuchezeka. Kama ni kweli inauhitaji, tunga mwingine wa kuchezeka ambao na wewe umo ndani.

Halafu huu wa mwisho. Unasema prodyuza anataka uurekodi upya studio, kwa kuwa ule uliourekodi kwa simu ukiwa na miaka 15 una kelele na sauti yako ilikuwa bado nyembamba. Mimi si fundi wa sauti, ila nimesoma habari za Kate Bush, yule mwimbaji wa Uingereza. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1978 akiwa na miaka 19, na humo kuna nyimbo mbili zilizorekodiwa mwaka 1975, alipokuwa na miaka 16. Hazikurudiwa, ziliingia zilivyo. Billie Eilish naye, mwimbaji wa Marekani aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 2019 akiwa na miaka 17, aliirekodi na kaka yake chumbani nyumbani kwao. Albamu yako yote inazungumzia kukua. Msikilizaji akifika mwisho akaisikia sauti ya miaka 15 yenyewe, atapima mwenyewe umetoka wapi hadi ulipo. Ukiuimba leo, utakuwa mtu mzima anayemwigiza yule msichana, na yule msichana anaweza kujisemea.

La mkataba nitalisema kwa ufupi, ingawa ndilo linaloninyima usingizi. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi kuu, ile wenyewe mnaiita masta. Soma uone unatia saini kuachia ipi, na kwa miaka mingapi. Taylor Swift, mwimbaji wa Marekani, alitoa albamu ya kwanza mwaka 2006 akiwa na miaka 16. Mwaka 2019 lebo yake ya zamani, yaani kampuni iliyotoa muziki wake, iliuzwa pamoja na rekodi za albamu zake sita za mwanzo, na hakuwa na uwezo wa kuzuia. Kilichomwokoa ni kwamba nyimbo alizitunga yeye, peke yake au na wenzake, kwa hiyo muda ambao mkataba ulimkataza kuzirekodi tena ulipopita akaanza kuzirekodi upya; matoleo hayo yalianza kutoka mwaka 2021. Zile za awali alikuja kuzinunua mwaka 2025. Ni karibu miaka 20, mwanangu, kwa saini ya mtoto. Usitie saini mpaka mwanasheria unayemlipa wewe, asiyelipwa na wao, ameusoma. Na yule rafiki yako aliyekupa kiitikio cha wimbo wa tatu, andikianeni asilimia zenu sasa, wakati mnapendana na hakuna pesa ya kugombania.

Baba yako nimempelekea albamu. Safari hii nimemtumia mwenyewe, sikumpitishia mtu. Ameniandikia jioni kwamba ameusikiliza wimbo wa saba ndani ya gari akashindwa kushuka. Atakupigia, mpe muda, unajua maneno kwake hutoka polepole.

Nimeurudia tena ule wa mwisho kabla sijafunga barua. Katikati ya ubeti wa pili mlango unalia, wewe unasita kidogo, halafu unaendelea kuimba kwa sauti ya chini zaidi. Ni mimi niliyeingia bila kubisha, nikakukuta na simu juu ya mto, nikatoka. Prodyuza akitaka kuufuta mlio ule, mwambie mama anaomba ubaki.

Nakupenda,
Mama